Bawa, Mahali na Majira: Utambuzi wa Vipepeo mjini Johannesburg tangu 1886

Mtu anayemwona kipepeo asiyemfahamu akikatiza kati ya miti ya Johannesburg huanza na rangi ya mabawa, kwa kuwa ndiyo inayowahi machoni, na historia ya elimu ya vipepeo katika mji huo ni kwa sehemu kubwa historia ya kujifunza, polepole na kwa makosa, kwamba rangi ndiyo shahidi wa kwanza kudanganya. Wataalamu wengi wa karne ya 19 walimchukulia kipepeo kuwa ni bawa lake, wakaamini kwamba bawa hilo likishachomwa pini sandukuni na kulinganishwa na picha ya kitabuni, jina litapatikana. Waliowafuata walilazimika kuuliza maswali mengine: kipepeo alionekana mahali gani hasa, mwezi upi, juu ya mmea gani na, jambo ambalo wachache walilitarajia, karibu na shimo la sisimizi wa aina ipi.

Ardhi yenyewe ilichangia ugumu huo. Johannesburg imekaa juu ya uwanda wa bara unaoitwa Highveld, kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na mgongo wa mawe unaoukatiza mji kutoka mashariki hadi magharibi, Witwatersrand, ambao jina lake lina maana ya ukingo wa maji meupe, huyagawa maji ya mvua kati ya mito inayoshuka hadi Bahari ya Hindi kwa njia ya Limpopo na ile inayoelekea Atlantiki kwa njia ya Vaal. Kabla ya mji kuwapo, nchi hiyo ilikuwa nyika ya nyasi, kwa sababu baridi ya usiku ya Juni na Julai, inayougandisha umande, ilisaidiana na moto uliopita karibu kila mwaka kuizuia miti isishike isipokuwa mabondeni na katika mianya ya mawe ya vilima. Pori la asili la Johannesburg lilikuwa basi dogo na la kujificha, lenye miti kama Celtis africana, mgunga uitwao Senegalia caffra, na Protea caffra inayostahimili moto kwa gome lake nene, na mabaki yake yanaonekana hadi leo Melville Koppies, kilima kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1959, na katika vilima vya Klipriviersberg upande wa kusini.

Dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886 iliugeuza mpango huo wa asili. Migodi ilihitaji magogo ya kushikilia paa la mahandaki, na kampuni ya Hermann Eckstein ilipanda mamilioni ya miti, hasa mikaratusi, kaskazini mwa kambi ya wachimbaji, katika msitu ulioitwa Sachsenwald kwa kufuata jina la msitu wa Bismarck huko Ujerumani, jina ambalo baadaye, Uingereza ilipopigana na Ujerumani, liligeuzwa la Kiingereza likawa Saxonwold. Matajiri waliojenga majumba upande huo wakaongeza mialoni ya Ulaya na mijakaranda ya Amerika Kusini, na madai kwamba mji huu ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyopandwa kwa mkono wa mwanadamu, wenye miti milioni 10, hurudiwa mara nyingi zaidi kuliko yanavyothibitishwa. Kwa kipepeo, hata hivyo, mti ni chakula cha kiwavi kabla haujawa kivuli, na kiwavi ni mchaguzi mno, kwa kuwa spishi nyingi hula mmea mmoja au mimea michache yenye undugu na hufa njaa juu ya mingine yote. Mkaratusi na mjakaranda haimlishi karibu kiwavi yeyote wa kipepeo wa Kiafrika, hivyo vichochoro vya kijani ambavyo mgeni huviona kama bustani ya vipepeo ni, kwa vipepeo wenyewe, nchi kame yenye maua.

Majina yalikuwapo kabla ya wataalamu kufika. Wasemaji wa Kizulu humwita kipepeo uvemvane, na wasemaji wa Kisotho na Kitswana, ambao mababu zao walijenga maboma ya mawe ambayo misingi yake ingali ikionekana Klipriviersberg, humwita serurubele. Lakini majina haya, kama lilivyo neno la Kiswahili lililotokana na kupepea, huwakusanya vipepeo wote chini ya mwavuli mmoja. Lugha hutoa majina ya kina kwa kile kinacholiwa, kinachotibu au kinachouma, na kipepeo hafanyi lolote kati ya hayo. Jina lililotafutwa na wakusanyaji lilikuwa la namna nyingine, yaani lile la maneno mawili ya Kilatini au Kigiriki lililowekwa kuwa kanuni na Linnaeus wa Uswidi katika karne ya 18, ambamo neno la kwanza hutaja jenasi, maana yake kundi la viumbe wenye undugu wa karibu, na la pili hutaja spishi, yaani aina moja mahususi ambayo wazazi wake huzaa watoto wa aina hiyohiyo.

Kwa bahati ya kalenda, mji na kitabu cha kuwatambua vipepeo wake vilizaliwa karibu pamoja. Roland Trimen, Mwingereza aliyefika Cape akiwa kijana na baadaye akawa mhifadhi wa Makumbusho ya Afrika Kusini huko Cape Town, alichapisha kati ya 1887 na 1889 mabuku matatu juu ya vipepeo wa Afrika Kusini, akisaidiwa na Kanali James Henry Bowker, askari aliyekuwa akikusanya vipepeo kokote alikotumwa na kumpelekea. Katika mtandao huo wa watu waliotumiana vipepeo kwa posta alikuwamo pia dada yake Bowker, Mary Elizabeth Barber, ambaye makala yake juu ya jinsi pupa wa Papilio nireus anavyochukua rangi ya kitu alichojishikiza, pupa maana yake kiumbe aliye ndani ya gamba kati ya kuwa kiwavi na kuwa kipepeo, ilichapishwa London mwaka 1874 baada ya kuwasilishwa na Charles Darwin mwenyewe. Barber aliona kile ambacho wenye masanduku hawakuweza kukiona, kwa sababu alimtazama kiumbe angali hai na mahali pake.

Johannesburg yenyewe haikuwa na subira ya namna hiyo katika miaka yake ya kwanza. Kuna ulinganifu mmoja usiopendeza kati ya kazi ya mji huo na kazi ya mkusanyaji: mgodi uliokaribia kufilisika kwa sababu dhahabu ya chini ilishikamana mno na mawe uliokolewa kuanzia 1890 na mbinu ya kuiyeyusha kwa sianidi, na sumu hiyohiyo, ikifunikwa kwa plasta chini ya chupa ya mdomo mpana, ndiyo iliyokuwa ikimuua kipepeo kabla hajayaharibu mabawa yake kwa kupapatika. Kipepeo aliyeuawa hivyo alitandazwa mabawa juu ya ubao, akachomwa pini kifuani, na chini yake kikabandikwa kikaratasi cha kutaja mahali na tarehe. Wakusanyaji wengi wa mwanzo waliandika neno moja tu, kwa mfano jina la wilaya nzima, na uvivu huo wa kalamu uliwagharimu sana waliokuja baadaye, kama itakavyoonekana.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa bawa kudanganya ni kipepeo ambaye hukaa katika vilima vya mawe vya Johannesburg mwaka mzima na ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa wawili. Katika majira ya joto, ambayo Highveld ni majira ya mvua, huonekana juu ya vilele kipepeo wa rangi ya chungwa iliyoiva, mwenye madoa na kingo nyeusi, anayeruka juani bila woga. Katika majira ya baridi, ambayo ni ya ukame, huonekana katika vichaka, chini ya miamba na penye kivuli kipepeo wa buluu iliyokolea, mwenye msururu wa alama nyekundu kando ya mabawa. Trimen alimpa yule wa buluu jina la sesamus mwaka 1883, na yule wa chungwa akawa na jina lake tofauti, natalensis, wala hakuna aliyeweza kulaumiwa, maana ukiwaweka wawili hao bega kwa bega sandukuni hata mtoto atasema si ndugu, sembuse mtu mmoja mwenye nguo mbili.

Aliyeutatua mkanganyiko huo alikuwa Guy Marshall, aliyekuwa akiishi Salisbury, mji unaoitwa leo Harare. Marshall aliona kwamba vipepeo hao wawili hupokezana kwa majira, kwamba mmoja hupenda uwazi na mwingine huupenda ulinzi wa miti, na badala ya kuendelea kubishana juu ya mabawa alichagua njia ambayo mfugaji yeyote angeichagua: alichukua mayai, akawalea viwavi, akasubiri. Mwaka 1898 alitangaza kwamba kutoka kwa mama wa umbo moja alikuwa amepata watoto wa umbo la pili, na kwa hiyo majina yote mawili yalikuwa ya spishi moja ambayo leo huitwa Precis octavia. Majaribio ya karne ya 20 yalionyesha kwamba joto analolipata kiwavi wakati wa kukua ndilo linaloamua vazi atakalotoka nalo. Matokeo ya uchunguzi wa Marshall, aliouandaa kwa ushirikiano na Edward Poulton wa Oxford na kuuchapisha mwaka 1902, yaliwafundisha watambuzi wa Afrika Kusini kuuliza tarehe kabla ya kuuliza rangi. Inafaa kuongeza kwamba jina la Marshall lingali likiruka: Cacyreus marshalli, kipepeo mdogo wa rangi ya shaba na kahawia ambaye viwavi wake hutoboa mashina ya maua ya pelagonia katika bustani za Johannesburg, alifika kisiwa cha Mallorca mwishoni mwa miaka ya 1980, bila shaka ndani ya vyungu vya maua, na zamu ya kuuliza kipepeo huyu mgeni ni nani ikawa ya Wahispania.

Udanganyifu wa aina ya pili ni ule wa kuigana, na msomaji wa Afrika Mashariki atawatambua wahusika wake kwa sababu wapo Dar es Salaam na Mombasa kama walivyopo Johannesburg. Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha za mabawa nyeusi zilizokatizwa na mkanda mweupe, hula utotoni mimea yenye utomvu mweupe na sumu, na sumu hiyo humfanya asilike na ndege. Jike la spishi nyingine kabisa, Hypolimnas misippus, ambalo halina sumu, limechukua vazi lake karibu uzi kwa uzi, ilhali dume la spishi hiyohiyo ni jeusi lenye mawaa meupe makubwa yaliyozungukwa na zambarau. Alama ya kuwatenganisha ni ndogo lakini ni ya kuaminika: chrysippus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa la nyuma, na misippus ana doa moja tu kwenye ukingo wake wa mbele. Trimen alikuwa ameshalieleza jambo hili la kuigana kwa vipepeo wa Afrika mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1868, alipoonyesha kwamba vipepeo kadhaa waliohesabiwa kuwa spishi mbalimbali walikuwa majike wa spishi moja ya vipepeo waitwao mikia-panga. Na ugunduzi huo, uliopokewa kwanza kwa kejeli, umesimama.

Miti iliyopandwa nayo ilileta maswali yake. Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege na akikua huwa kijani, alikuwa na miti yake ya porini ya jamii ya mlimau kabla ya mlimau wenyewe kuletwa. Bustani za Johannesburg zilipojaa milimau na michungwa, alihamia mjini kama alivyofanya katika kila mji wa Afrika, na wenye milimau wanamjua kama adui. Acraea horta, mwenye mabawa mekundu ambayo ncha zake ni angavu kama kioo, alikuwa tangu zamani kipepeo wa Cape, naye alisambaa katika bustani za Gauteng kadiri Kiggelaria africana, mti anaoutegemea, ulivyozidi kupendwa na wapanda bustani. Hivyo kitabu cha zamani kinachomweka kusini hakikukosea, ila mji ulimfungulia mlango. Kinyume chao ni Belenois aurota, kipepeo mweupe mwenye mishipa ya kahawia, ambaye karibu kila Desemba au Januari hupita juu ya paa za Johannesburg kwa mamilioni akielekea kaskazini-mashariki, kutoka nchi kavu za upande wa Kalahari ambako viwavi wake humaliza majani ya mti wa Boscia, na magari barabarani hufika yakiwa na rejeta zilizozibwa na mabawa. Huyu haonyeshi lolote juu ya pori ambamo ameonekana, kwa sababu si mkazi, ni msafiri.

Ujuzi uliokusanyika kwa njia hii uliandikwa Pretoria zaidi kuliko Johannesburg. Makumbusho ya taifa ya Jamhuri ya Waburu yalianzishwa huko mwaka 1892, baadaye yakaitwa Makumbusho ya Transvaal, na ndani yake Georges van Son, mzaliwa wa Urusi, alianza mwaka 1949 kutoa mfululizo wa mabuku mazito juu ya vipepeo wa kusini mwa Afrika, yenye maelezo ya mishipa ya mabawa na viungo vya uzazi ambayo hayasomeki kwa raha ila hayana mbadala. Mtu aliyeyapeleka maarifa hayo kwa wenye kutembea porini alikuwa David Swanepoel, ambaye kitabu chake cha 1953 kilitangaza katika jina lake lenyewe kwamba kingeeleza vipepeo wa Afrika Kusini huruka wapi, lini na kwa namna gani. Jina hilo lilikuwa hoja. Swanepoel alimtambua kipepeo kwa mwendo wake kabla hajamtia wavuni, na kurasa zake zimejaa majina ya mashamba, miteremko na vituo vya reli, kwa imani kwamba mlima mmoja unaweza kuwa na kipepeo ambaye mlima wa pili hauna. Mwaka 1978 kampuni ya Ad. Donker ya Johannesburg ilichapisha kitabu kikubwa kilichoandaliwa kutokana na kazi ya mwalimu wa Natal, Kenneth Pennington, aliyefariki miaka minne kabla, na kwa kizazi kizima kutambua kipepeo kulimaanisha kumtafuta katika picha za kitabu hicho.

Historia hiyo ya vitabu ina upungufu ambao haufai kupitwa kimya. Majina ya watu yaliyobandikwa kwa vipepeo wa Witwatersrand ni karibu yote ya Wazungu, na sababu yake haikuwa macho makali zaidi bali uhuru wa kutembea, maana kazi ya kutambua vipepeo inamtaka mtu azurure mashambani kwa watu bila kazi inayoonekana, na chini ya sheria za pasi, zilizofutwa mwaka 1986 tu, Mwafrika aliyekutwa hivyo alitakiwa kujieleza kwa polisi. Hata bustani za umma zilifungwa kwa rangi ya ngozi, ingawa eneo la Zoo Lake, lililotolewa kwa mji kwa kumbukumbu ya Eckstein kwa masharti ya kuwa wazi kwa wote, lilibaki nje ya kanuni hiyo.

Kipepeo aliyeifikisha hoja ya mahali kwenye kilele chake si wa porini, ni wa nyasi, na ni mdogo kiasi kwamba wapita njia wengi humdhani nondo wa mchana. Mwaka 1909 C. J. Swierstra wa makumbusho ya Pretoria alimweleza kwa mara ya kwanza kipepeo wa rangi ya shaba ambaye leo huitwa Aloeides dentatis, neno la pili likiwa na maana ya mwenye meno. Jenasi ya Aloeides ni mtihani wa kila mtambuzi wa Afrika Kusini: zipo spishi nyingi, karibu zote zenye rangi ya chungwa juu na rangi ya udongo au kutu chini, zote huruka chini kwa mwendo wa kasi wa kuzungukazunguka na kutua juu ya ardhi tupu ambapo huyafunga mabawa na kutoweka machoni, na tofauti kati yake mara nyingi haionekani mpaka mtu apasue viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kazi ya kuipanga upya jenasi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1968 na 1973 na Tite na Dickson, iliongeza majina mengi mapya, na hapo ndipo vikaratasi vya zamani vyenye jina la wilaya tu vilipogeuka kuwa hasara, kwa sababu mahali halisi ndipo palipokuwa ufunguo.

Sababu ya mahali kuwa ufunguo ilieleweka watafiti walipochimba. Kiwavi wa Aloeides dentatis hula majani ya Hermannia depressa, mmea unaotambaa chini kati ya nyasi, lakini hula usiku tu. Mchana hulala ndani ya shimo la sisimizi wadogo weusi, Lepisiota capensis, ambao humlinda kama mtoto wao. Stephen Henning alieleza mwaka 1983 kwamba kiwavi huyo hutoa kemikali zinazoigiza zile za watoto wa sisimizi, kiasi kwamba hata chembe za nafaka zilizolowekwa katika maji yaliyokamuliwa kutoka kwa viwavi zilibebwa na sisimizi na kuingizwa shimoni. Jike halitagi mahali ambapo mmea upo bila sisimizi. Kwa hiyo uwanja wa nyasi unaoonekana sawa kutoka pembe hadi pembe ni kwa kipepeo huyu ramani ya nukta chache, na mtu anayeona kipepeo wa shaba nje ya nukta hizo anaweza kuwa na hakika ya kiasi kwamba anamwona mwingine.

Moja ya nukta hizo ilikuwa Ruimsig, Roodepoort, upande wa magharibi wa Johannesburg, ambako nyumba zilikuwa zikizidi kuusogelea mteremko. Mwaka 1985 baraza la mji wa Roodepoort lilitenga hapo hifadhi ndogo kwa ajili ya kipepeo huyo, jambo lisilo la kawaida katika bara ambalo hifadhi zake hupimwa kwa tembo. Kuzungushia ua hakukutosha, kwa sababu nyasi zilizokosa moto na malisho hurefuka na kuufunika mmea mfupi, na mmea ukifunikwa kiwavi hukosa chakula. Ndiyo maana mwaka 1999 watafiti Deutschländer na Bredenkamp walichapisha uchambuzi wa mimea ya mahali hapo ili kuongoza utunzaji wake. Roodepoort iliunganishwa na Johannesburg mwaka 2000, hivyo mji uliojengwa kwa kuchimbua ardhi ukajikuta na wajibu wa kulinda mashimo ya sisimizi.

Utambuzi wenyewe ulikuwa unabadilika vilevile. Chama cha wataalamu na wapenzi wa vipepeo kilianzishwa mwaka 1983, kitabu cha spishi zilizo hatarini kilichoandikwa na Stephen na Graham Henning kikatoka mwaka 1989, na kuanzia 2007 mradi wa tathmini ya kitaifa uliwaalika wananchi watume picha badala ya maiti, hata kufikia 2013 ukachapishwa muhtasari wa hali ya spishi na nususpishi 794 za Afrika Kusini, Lesotho na Uswazi. Chupa ya sianidi imekuwa nadra, wavu umebaki, na mtego ulioitwa kwa majina ya van Someren, aliyekuwa mhifadhi wa makumbusho ya Nairobi, na Rydon, ambao ni mfuko wa chandarua unaoning'inizwa tawini juu ya sahani ya ndizi zilizochacha, bado hutumiwa katika mapori ya kaskazini mwa mji kuwanasa vipepeo wakubwa wa jenasi ya Charaxes ambao huruka juu ya vilele vya miti na hawashuki kwa maua. Simu yenye kamera imeongeza idadi ya macho, na kwa mara ya kwanza macho hayo si ya watu wa tabaka moja. Picha ina faida ambayo kikaratasi cha kale hakikuwa nayo, kwa kuwa hubeba saa na mahali bila kutegemea uvivu wa mwandishi; udhaifu wake ni kwamba huonyesha upande mmoja wa bawa, na mara nyingi upande uliohitajika ni ule wa pili. Mtambuzi mwenye uzoefu atauliza basi juu ya mmea aliotua, mwendo wake, kimo cha kuruka kwake, na kama kulikuwa na mawe, nyasi au kivuli, maswali ambayo Barber, Marshall na Swanepoel wangeyatambua mara moja.

Yapo majibu yaliyochelewa. Lepidochrysops hypopolia, kipepeo wa buluu aliyeelezwa na Trimen mwaka 1887 kutokana na vielelezo vichache vilivyokusanywa katika miaka ya 1870 huko Natal na Potchefstroom, hajaonekana tena, na tathmini ya 2013 ilimhesabu kuwa ametoweka. Ndugu yake wa jenasi hiyohiyo angali akiruka katika mabaki ya nyasi yanayozunguka Johannesburg, mwanzoni mwa mvua, kwa majuma machache, karibu na mimea ya jamii ya mrehani ambamo hutaga, kabla ya kiwavi wake kuingia katika shimo la sisimizi na kuanza kula watoto wao. Alikuwa akipita machoni pa wakusanyaji kwa miaka mingi akidhaniwa kuwa mwingine, mpaka Swanepoel alipomtenga mwaka 1962 na kumwita Lepidochrysops praeterita, neno la Kilatini lenye maana ya yule aliyepitwa.